Umenunua biashara au umenunua vitu? Ulinganisho wa njia za kuandika ununuzi vitabuni

Mhasibu huitwa mwisho. Mwanasheria ameshaandika mkataba, bei imelipwa, watu wamepiga picha wakipeana mikono, ndipo faili linatua mezani kwake na swali moja: hili tunaliandikaje? Kufikia hapo mlango mkubwa umeshafungwa na mkataba wenyewe. Ulinganisho huu ni kwa ajili ya mtu ambaye bado hajasaini, au aliyesaini juzi na bado ana nafasi ya kuchagua yale machache ambayo viwango vya kimataifa vinamruhusu.

Tarakimu zote hapa chini ni za mfano, na zote ni milioni. Weka sarafu unayotumia.

Biashara, au kikundi cha mali?

Hapa nitakaa kirefu, kwa sababu swali hili hubeba mengine yote.

IFRS 3, kimojawapo cha viwango vya kimataifa vya kuripoti fedha (IFRS), inahusu ununuzi wa biashara tu. Ukinunua kitu kisichotimiza tafsiri ya biashara, hata kama kina jina, usajili na mhuri, unahesabika sawa na mtu aliyenunua mashine kadhaa kwa mkupuo. Na neno "biashara" hapa halina maana ile ya mtaani. Lazima kuwe na rasilimali, yaani mitambo, haki, malighafi au watu, pamoja na angalau mchakato mmoja wa maana unaosaidia kuzigeuza rasilimali hizo kuwa bidhaa, huduma au mapato. Tafsiri ya zamani ilikuwa pana mno, karibu kila kitu kiliweza kupenya. Ikarekebishwa Oktoba 2018, na marekebisho yakaanza kufanya kazi kwa vipindi vinavyoanza 1 Januari 2020.

Chukua malori manane ya aina moja. Ukiyanunua pamoja na kadi zake na vipuri vilivyobaki stoo, hayo ni mali. Ukiyanunua pamoja na madereva, fundi mkuu, mtu anayepanga safari na mikataba ya wateja inayoendelea, umeingia eneo la biashara, kwa sababu sasa umenunua kikosi kinachojua kazi. Malori ni yaleyale.

Kuna njia ya mkato inayoitwa kipimo cha mkusanyiko. Ikiwa karibu thamani yote ya mali ulizonunua (ukiacha fedha taslimu na kodi iliyoahirishwa, yaani kodi ya baadaye inayotokana na tofauti kati ya thamani ya vitabuni na ile ya kodi) imekaa kwenye kitu kimoja, au kwenye kundi la vitu vinavyofanana, unaruhusiwa kusema "hii si biashara" ukaishia hapo. Kiwango hakikutaja asilimia, ila wakaguzi wengi huitazama 90 kama mstari. Chini ya IFRS kipimo hiki ni hiari, na unaamua kwa kila ununuzi peke yake. Chini ya kanuni za Marekani ni lazima. Na kinafanya kazi upande mmoja tu: kukifeli hakukufanyi uwe umenunua biashara, kunakurudisha kwenye kuchambua mchakato na watu.

Sasa tuone tofauti kwa macho. Umenunua hisa zote za kampuni kwa 100. Wanasheria, wathamini na washauri wamekula 4. Ndani ya kampuni kuna mitambo yenye thamani ya haki, yaani bei ambayo ingeuzwa sokoni siku ile, ya 60 (kwenye vitabu vya kodi imesomeka 40), leseni ya 20 ambayo na kwa kodi ni 20, na uhusiano na wateja ambao mthamini ameupa 10 lakini mamlaka ya kodi haiutambui kabisa. Kiwango cha kodi ni asilimia 30.

| | Umenunua biashara | Umenunua kikundi cha mali |
|---|---|---|
| Mitambo | 60 | 69.3 |
| Leseni | 20 | 23.1 |
| Uhusiano na wateja | 10 | 11.6 |
| Kodi iliyoahirishwa | (9) | hakuna |
| Gudwili | 19 | hakuna |
| Kilichoingia kwenye mizania | 100 | 104 |
| Gharama zilizokwenda hasara papo hapo | 4 | hakuna |

Upande wa kushoto, kila mali huingia kwa thamani yake ya siku ile, na kile ulicholipa zaidi ya hapo huitwa gudwili. Upande wa kulia hakuna gudwili hata chembe. Unachukua 100, unaongeza zile 4 za washauri, halafu jumla unaigawa kwa mali kulingana na uzito wa kila moja. Ndiyo maana mitambo ya 60 imeandikwa 69.3: imebebeshwa sehemu ya kile ambacho upande wa pili kingekuwa gudwili, na sehemu ya ada za mwanasheria.

Hebu itazame ile gudwili ya 19 kwa karibu. Mmiliki ataambiwa ni jina zuri la kampuni, ari ya wafanyakazi, matarajio. Lakini 9 kati ya 19 imetokana na kodi iliyoahirishwa tu: mitambo imepanda 20 juu ya thamani yake ya kodi, wateja 10, jumla 30, asilimia 30 yake ni 9. Deni hilo limepunguza mali halisi (mali toa madeni) kutoka 90 hadi 81, na pengo likazibwa na gudwili. Karibu nusu ya "jina zuri" ni kivuli cha kodi. Kwenye ununuzi wa mali kivuli hiki hakipo, kwa sababu IAS 12, kiwango cha kodi ya mapato, inasamehe kodi iliyoahirishwa pale mali inapoandikwa mara ya kwanza nje ya ununuzi wa biashara.

Na faida? Tuseme mitambo inachakaa kwa miaka 10, leseni na wateja kwa miaka 5. Mwaka wa kwanza, kabla ya kodi, njia ya biashara inakula 16: zile 4 za gharama, 6 za mitambo, 6 za leseni na wateja. Njia ya mali inakula karibu 13.9. Mwaka wa pili mambo yanageuka: biashara 12, mali 13.9 tena. Kwa hiyo njia ya biashara huumiza mwanzo kisha hupumua, ila inakuachia gudwili ya 19 imekaa kwenye mizania, haichakai, inasubiri siku ya kushushwa. Njia ya mali ni nzito kidogo kila mwaka, lakini haina bomu.

Kama una benki inayopima faida ya mwaka huu dhidi ya sharti la mkopo, zile 4 zinaweza kukuvunjia sharti. Kaa na benki kabla ya kusaini.

Huchagui moja kwa moja kati ya safu hizi mbili. Ukweli wa ulichonunua ndio unaoamua. Unachochagua ni nini hasa unanunua, na kama utatumia ile njia ya mkato. Nimewahi kuona mteja akiwaacha wafanyakazi wote kwa muuzaji katika wiki ya mwisho ya mazungumzo, kwa sababu za malimbikizo ya likizo tu, pasipo kujua kwamba kwa sentensi ile moja alikuwa ameigeuza biashara kuwa kikundi cha mali na kubadilisha hesabu zake za miaka kumi.

Neno moja kuhusu hisa na vitu. Ukinunua hisa, hesabu zote hizi hujitokeza kwenye hesabu jumuishi za kundi pekee. Kwenye vitabu vya kampuni mama utaona mstari mmoja, uwekezaji katika kampuni tanzu. Ukinunua shughuli yenyewe, na mali na madeni yake yakahamia kwako, IFRS 3 inaingia kwenye vitabu vyako moja kwa moja. Wasiotayarisha hesabu za kundi hulisahau hili.

Malipo ya baadaye: sentensi mbili zinazofanana

Wanunuzi hupenda kulipa sehemu ya bei baadaye, biashara ikishajionyesha. Hakuna anayetaka kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Soma sentensi hizi mbili:

"Muuzaji atalipwa 10 zaidi endapo mauzo ya miaka miwili yatafikia lengo."

"Muuzaji atalipwa 10 zaidi endapo mauzo ya miaka miwili yatafikia lengo na yeye mwenyewe atakuwa bado anafanya kazi katika kampuni."

Ya kwanza ni sehemu ya bei. Unaikadiria siku ya ununuzi, tuseme thamani yake ya haki ni 6, unaiandika kama deni na inaingia kwenye gudwili. Ya pili, kwa sababu muuzaji anapoteza malipo akiondoka, ni mshahara. Haigusi gudwili kabisa. Inakula faida katika ile miaka miwili anapofanya kazi. Maneno machache yaliyoongezwa kwa nia njema, ili mzee wa kampuni asikimbie, yamehamisha hadi 10 kutoka mizania kwenda kwenye hasara. Kama unataka kumfunga muuzaji abaki, mpe mkataba wa ajira wa mshahara wa kawaida wa soko, na bei iache isimame peke yake.

Hata sentensi ya kwanza ina kichekesho chake. Biashara ikifanya vizuri kuliko ulivyodhani, deni la 6 linapanda hadi 10, na ile 4 inakuwa hasara kwako. Umefaulu, umepata hasara. Bodi huhitaji kuelezwa hili mapema, maana likija ghafla kwenye kikao cha mwisho wa mwaka huonekana kama kosa la mhasibu.

Ukinunua asilimia 80: gudwili nzima au nusu nusu

Kwa wanahisa wachache waliobaki, IFRS 3 inakupa chaguo la kweli, na unachagua kwa kila ununuzi. Unaweza kuwapima kwa thamani ya haki ya hisa zao, au kwa sehemu yao ya mali halisi zinazotambulika. Wengi huchagua ya pili kwa sababu haihitaji mthamini. Sababu hiyo naielewa, ila nisingeiacha iamue peke yake.

Turudi kwenye kampuni yetu yenye mali halisi za 81. Umelipa 80 kwa asilimia 80. Mthamini anasema hisa za wachache zina thamani ya 18, kwa kuwa hazina udhibiti.

Kwa thamani ya haki: 80 ongeza 18 toa 81, gudwili ni 17. Kwa sehemu ya mali: wachache wanapata asilimia 20 ya 81, yaani 16.2, na gudwili inakuwa 15.2. Tofauti ni 1.8, na inaongezeka pande zote mbili za mizania. Mtu akiishia hapa atasema ni jambo dogo.

Sasa biashara inayumba. Tuseme thamani yake inayoweza kurejeshwa, yaani kiasi unachoweza kukipata kwa kuitumia au kuiuza, imeshuka hadi 90, na mali nyingine hazijabadilika. Ukiwa na gudwili nzima unalinganisha 98 na 90, hasara ni 8, 6.4 inakwenda kwa wenye kampuni mama na 1.6 kwa wachache. Ukiwa na gudwili ya sehemu, IAS 36, kiwango cha kushuka kwa thamani ya mali, inakulazimisha kwanza uivimbishe gudwili yako iwe kana kwamba ni ya asilimia 100: 15.2 gawanya kwa 0.8, unapata 19. Unalinganisha 100 na 90, hasara ni 10, lakini ile sehemu ya wachache haiandikwi. Unaandika 8. Jumla ni ileile! Tofauti ni kwamba safari hii yote 8 inawaangukia wenye kampuni mama. Njia iliyoonekana rahisi imewagharimu 1.6 zaidi kwenye faida kwa hisa, siku mbaya ilipofika.

Na kama mpango ni kuwanunua wachache baadaye, jambo hilo huongezeka. Ukiwalipa 22, chini ya njia ya kwanza 4 inapunguza mtaji wa wanahisa. Chini ya ya pili ni 5.8. Hakuna gudwili mpya inayoandikwa, pesa inatoboa mtaji tu. Kwa hiyo: mwenye nia ya kubaki na asilimia 80 milele na asiye na hamu ya kumlipa mthamini, achukue sehemu ya mali. Anayejua kwamba atakuja kuwanunua waliobaki, au anayefuatwa kwa karibu na wachambuzi wa soko la hisa, ni afadhali alipe mthamini leo.

Seti ipi ya kanuni

Chaguo hili si la kila mtu. Kampuni iliyoorodheshwa sokoni, au inayoshika amana za umma kama benki, haina njia ya kukwepa IFRS kamili. Wengine, sheria ya nchi ikiruhusu, wanaweza kutumia IFRS kwa kampuni ndogo na za kati.

Ugomvi mkubwa uko kwenye gudwili baada ya siku ya kwanza. Marekani waliacha kuipunguza kila mwaka mnamo 2001. IFRS ikafuata 2004. Tangu hapo gudwili haichakai, inapimwa walau mara moja kwa mwaka kama thamani imeshuka, na ikishashushwa hairudishwi. Matokeo yake ni kwamba miaka inapita kimya, halafu ghafla paa linaanguka. AOL Time Warner, kampuni ya habari na intaneti ya Marekani, ilitangaza hasara ya karibu dola bilioni 99 kwa mwaka 2002, sehemu kubwa ikiwa ni gudwili iliyoshushwa, na hizo hazikuwa pesa zilizotoka mwaka huo. Zilikuwa matarajio ya miaka miwili nyuma yakifutwa. Wapo wanaosema bora uchakavu wa kila mwaka kuliko kishindo cha namna hiyo, na Japani kanuni zao wenyewe bado zinapunguza gudwili kwa hadi miaka 20. IASB, bodi inayotunga IFRS, ililirudia swali hilo na Novemba 2022 ikaamua kubaki na upimaji. Marekani nao waliuacha mradi wao wa kulibadilisha mwaka huohuo.

Kwenye kanuni za kampuni ndogo gudwili inapungua kila mwaka, na usipoweza kukadiria maisha yake kwa uhakika, muda usizidi miaka 10. Gudwili yetu ya 19 ingekula 1.9 kwa mwaka. Na hapa pana mtego wa toleo. Toleo la 2015 linaongeza gharama za washauri kwenye gharama ya ununuzi, kwa hiyo gudwili ingekuwa 23 na makato 2.3. Vilevile, makadirio ya malipo ya baadaye yakibadilika, marekebisho yanakwenda kwenye gudwili na sio kwenye hasara. Kile kichekesho cha juu hakipo. Toleo la tatu, lililotoka Februari 2025 na ambalo tarehe yake ya kuanza ni 1 Januari 2027, limesogea karibu na IFRS kamili: gharama za ununuzi zinakwenda hasara, na malipo yenye masharti yanapimwa kwa thamani ya haki, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kungegharimu kupita kiasi. Kupunguza gudwili kumebaki. Wachache nao wanabaki kupimwa kwa sehemu ya mali tu. Lile chaguo la hapo juu halipo.

Kanuni za Marekani ziko kinyume kwenye wachache: thamani ya haki ni lazima. Lakini kampuni binafsi huko zinaruhusiwa kuchagua kupunguza gudwili kwa muda usiozidi miaka 10.

Kwa familia inayomiliki karakana tatu na kununua ya nne, ningechukua kanuni za kampuni ndogo bila kufikiri mara mbili. Upimaji wa gudwili wa kila mwaka unahitaji makisio ya mapato, kiwango cha punguzo, na mkaguzi wa kubishana naye, na mwisho wa siku hakuna mwekezaji wa nje anayeusoma. Ila kama kuna mpango wa kuuza hisa kwa umma ndani ya miaka michache, anza na IFRS kamili sasa, kwani kurudi nyuma kuthamini upya ununuzi wa zamani ni kazi ya kuchosha kuliko zote ninazozijua.

Ununuzi kati ya kampuni za mmiliki mmoja uko nje ya IFRS 3. IASB iliufanyia mradi, kisha mwishoni mwa 2023 ikaamua kuuacha. Wengi huhamisha tarakimu za vitabuni kama zilivyo, bila gudwili mpya. Chagua sera moja, iandike, ishike.

Miezi kumi na miwili

Chini ya IFRS 3 una muda usiozidi mwaka mmoja tangu siku ulipopata udhibiti wa kukamilisha tarakimu. Watu huuchukulia muda huu kama kifutio. Sio. Unarekebisha gudwili pale tu unapojua jambo lililokuwepo siku ile ingawa hukulijua: bomba lilikuwa linavuja tayari, kesi ilikuwa imeshafunguliwa, leseni ilikuwa imekwisha muda. Mteja mkubwa aliyeondoka mwezi wa tatu kwa sababu hakupenda uongozi mpya hakuwa ameondoka siku uliponunua. Thamani yake inabaki ilivyoandikwa siku ile, na kuondoka kwake kunakwenda kwenye hasara ya mwaka huu.